Mbuzi wa Noeli

Kwetu, milimani juu ya Nyabiondo, Noeli ilikuwa na mtoto wa kweli. Shapeli nyingine zililaza mwanasesere, au sanamu ya udongo iliyotoka parokiani ikiwa imefungwa katika gazeti. Sisi hatukuwa na sanamu. Siku mbili kabla ya sikukuu wanaume walikata mianzi na majani ya migomba, wakajenga kibanda kidogo mbele ya altare, na kitoto kichanga kuliko vyote katika shirika letu, yaani katika zile nyumba chache zilizosali pamoja, kiliwekwa humo mikononi mwa mama yake. Baba alisimama nyuma yao na fimbo. Wakati wa sadaka kila nyumba ilipita mbele ya kibanda ikaacha kitu: kibuyu cha maziwa, maharagwe, siagi katika jani, kipande cha sabuni.

Kitoto hicho kiliitwa mtoto wa Noeli mpaka Noeli iliyofuata, na kulikuwa na sharti ambalo halikuandikwa popote. Ukiisha kuweka kitu mbele yake, hukuweza tena kumnyima. Mama yake akikosa maziwa mwezi wa tano, alikuja mlangoni kwako bila kuona haya, nawe uliingia ndani ukatafuta. Mtoto alibaki wa mama yake. Waliofungwa ni wale waliotoa. Ninalisema hili mapema kwa sababu yote yaliyotupata yametoka hapo.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa Noeli mwaka niliozaliwa. Mama alinikumbusha kila nilipokuwa mkaidi. "Weye usijivune hapa," alisema. "Mulima muzima ilikulisha."

Papa, baba yangu, alikufa kwanza. Alikuwa akienda Rubaya kubeba mizigo ya madini ya koltani kutoka mashimoni hadi barabarani, na siku moja, baada ya mvua, udongo wa mlima ulishuka juu ya wabebaji. Mama alikuwa na mimba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa tatu wa sekondari. Niliacha shule wiki ileile nikashika jembe. Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, msichana, na baada yake mama alipata homa ambayo haikutoka. Hakuniachia maneno makubwa. Jioni ya mwisho aliniuliza kama nimefunga mlango wa kuku. Nikasema nimefunga.

Tulibaki wanne: mimi, dada yangu wa miaka kumi na moja, mdogo wetu wa kiume wa miaka saba, na huyo mtoto. Jirani yetu mwenye ng'ombe alinipa kikombe cha maziwa kila asubuhi. Niliyachemsha, nikaongeza maji, nikamnywesha kwa kijiko. Nilimbeba mgongoni kwa kikwembe cha mama, kitambaa cha manjano ambacho kilikuwa kimepauka kwenye mikunjo, na kisimani wanawake hawakuniacha nipite bure.

"Angalia mama ya ndevu."

"Mama, titi umeweka wapi leo?"

"Nimeiacha nyumbani," niliwajibu. "Ilikuwa inanichelewesha."

Walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Kisha mmoja wao alikuja nyuma yangu akakifunga kikwembe upya, kwa sababu mimi nilifunga vibaya na miguu ya mtoto ilining'inia.

Mtoto alinenepa. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja mkubwa wa shirika alikuja kutuambia kwamba hakukuwa na kichanga kingine. Noeli ile ingekuwa yake. Dada yangu angemshika badala ya mama, nami ningesimama nyuma na fimbo. Nilikwenda siku ileile nikaikata hiyo fimbo, nikaimenya ganda, nikaiegemeza nyuma ya mlango ikauke. Nilijua maana yake. Mlima mzima ungemlisha, kama ulivyonilisha mimi.

Risasi zilianza wiki mbili kabla ya sikukuu, asubuhi, tukiwa shambani. Jirani yetu aliwafungulia ng'ombe wake akawapeleka njia ya Nyamitaba. Alinipigia kelele nimfuate. Lakini njia ile ilipita chini ya kilima ambako risasi zilisikika, na karibu watu wote wa shirika walikuwa wanakimbilia upande wa pili, kwenye msitu wa Walikale. Nilikuwa na watoto wawili kwa miguu na mmoja mgongoni. Nikawafuata walio wengi. Niliwaona ng'ombe wakipotea nyuma ya kilima, na wala sikufikiria maziwa. Nilifikiria risasi.

Tulitembea siku tatu. Kijiji kilichotupokea kilikuwa ndani ya msitu kabisa. Watu wake walilima muhogo na mpunga wa nchi kavu, na wanaume waliwinda. Walitupa darasa moja la shule tulale, wakatuletea ndizi na mafuta ya mawese. Hawakutunyima kitu walichokuwa nacho. Ila ng'ombe hawakuwa nao. Mdogo wangu aliwaeleza watoto wa pale mnyama mwenye pembe ambaye watu humkamua kila asubuhi. Walimwita mwongo, wakaanza kulia kama mbuzi kila alipopita.

Nilimpikia mtoto uji mwepesi wa muhogo. Siku ya pili alianza kuharisha. Nilipika mwepesi zaidi. Akaharisha. Kila asubuhi nilipomfunga mgongoni nilihisi tofauti: kikwembe kilekile, fundo lilelile, na uzito unaopungua. Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa sauti ya mlango usiopakwa mafuta.

Nyumba iliyokuwa karibu na shule ilikuwa ya mwindaji mmoja, mke wake, na mama wa huyo mwindaji. Mke alikuwa amezika mtoto wake siku chache kabla sisi hatujafika. Siku ya nne alikuja akasimama kwenye mlango wa darasa. Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani.

"Huyu iko nalia nini?"

"Njaa, Mama."

"Mama yake iko wapi?"

"Alikufaka."

Alinitazama na kikwembe changu mgongoni. Nilingoja mzaha niliouzoea, lakini haukuja. Alinyoosha mikono. "Leta."

Mtoto alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Dada yangu alisimama karibu, mkono mdomoni, kama mtu anayetazama daktari akifanya kazi. Kwa siku tatu mama yule alikuja asubuhi na jioni, akakaa nyuma ya shule asionekane. Siku iliyofuata hakuja. Nilikwenda kwake. Mlangoni nilimkuta mama mkwe wake akimenya muhogo.

"Mama, nimekuja juu ya mutoto."

"Najua." Hakuinua kichwa. "Maziwa ile iko na mwenyewe, na mwenyewe tulimuzika. Si chumvi ya kuazimana."

"Mama, atakufa."

"Mutoto wa njia iko na njia yake," alisema. Hakuwa mkali. Alinipa mihogo miwili iliyomenywa nipeleke kwa wadogo zangu.

Ningemwelewa siku ile, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka mlangoni pale. Kilikuwa kwetu, mbele ya kibanda cha mianzi. Nilifikiri: mtoto wa Noeli hanyimwi. Akiwekwa kibandani mbele ya watu wote, mikononi mwa mama huyu, nani atamkataza tena kumnyonyesha? Nilikwenda moja kwa moja kwa katekista, mzee mwembamba aliyekuwa akikaza ngozi ya ngoma kwa ajili ya sikukuu.

"Papa, hapa munawekaka nini mu pango ya Noeli?"

"Mwaka ile ingine tuliweka picha. Panya ikakula Yosefu."

"Kwetu tunaweka mutoto wa kweli."

"Atalia mu misa."

"Hata ule wa Betelehemu alilia."

Alitabasamu akaacha ngoma. "Na Maria atakuwa nani?"

Nikamtaja mama yule, jirani wa shule. Katekista alinitazama muda mrefu kuliko jambo lilivyostahili.

"Umefikiri muzuri?"

"Nimefikiri."

"Na batoto bengine banajua?"

"Miye njo mukubwa yabo."

"Basi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole uliozidi. "Nitaongea na ile nyumba."

Niliondoka nikiwa na furaha. Nilidhani anakwenda kuomba ruhusa ya mtoto kunyonya. Yeye alidhani nimemtuma kuongea jambo zito zaidi. Na wakati wote huo tuliongea juu ya Noeli tu.

Mkesha ulifanyika saa tisa mchana. Tangu vita vianze hakuna aliyetembea usiku, kwa hiyo tuliimba nyimbo za usiku jua likitupiga kupitia mlango. Kibanda kilikuwa kizuri. Walikuwa wamekijenga kwa majani mapana ya msituni, na mama yule alikaa ndani yake akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Nilifika na fimbo mpya. Nikakuta mume wake amekwisha kusimama nyuma yake, ameshika mkuki wake wa kuwindia. Nilijiambia ni sawa, Maria anastahili kukaa na mume wake. Niliegemeza fimbo yangu ukutani.

Nilifungua fundo la kikwembe, nikamweka mtoto katika mapaja yake.

Katekista aliuliza kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Unamuweka?"

"Namuweka," nilijibu. Nilidhani ndivyo mchezo wao unavyokwenda.

Mama mkwe aliinuka kwenye benchi la mbele. Alikuwa na uzi wa majani ya mti, umesokotwa vizuri. Akaufunga kwenye mkono wa mtoto. Watu wote wakapiga makofi matatu kwa pamoja, viganja vimekunjwa, sauti nzito. Kisha mama yule akafungua nguo yake palepale, mtoto akashika, na hakuna aliyemkataza. Padri mmoja alitufundisha zamani kwamba maana ya Noeli ni hii: Mungu alikuwa na nguvu zote akakubali kuwekwa mapajani mwa mtu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kila mwaka bila kulijali. Siku ile nililiona kwa macho. Sijawahi kuomba nikajibiwa upesi namna ile.

Baada ya misa mwindaji alikuja shuleni akivuta mbuzi dume, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Alinikabidhi kamba kwa mikono miwili.

"Hii iko yenu," alisema.

"Aksanti, Papa. Aksanti mingi."

Aliinamisha kichwa akaondoka. Dada yangu, ambaye aliniita yaya kama kila mdogo anavyomwita mkubwa wake, alinivuta shati.

"Yaya, mbona banatupatia mbuzi?"

"Njo Noeli," nilimjibu.

Kwetu Noeli bila nyama haikuwa Noeli. Hata mwaka wa shida Papa alitafuta, hata kama ni kichwa tu. Na hapa nilikuwa na mbuzi mzima. Nilimchinja mwenyewe, nikagawa kwa watu wote wa shirika letu tuliokimbia pamoja. Tulikula na wali. Mdogo wangu alilala akiwa ameshika mfupa, na tulipojaribu kumtoa aliukaza. Kesho yake mama mkwe alipita, akaiona ngozi imetandazwa ukutani ikikauka, akanisalimia kwa mikono miwili. Nilifurahi. Niliona tumekuwa majirani.

Tangu siku ile mtoto alikaa kwao. Alinenepa tena, akapata mikunjo kwenye mapaja, akaanza kukaa, akaota meno mawili. Nililima shamba lao pamoja na la wengine, na kila jioni nilikwenda kumtazama. Alinichekea. Lakini nilipomshika alikuwa akigeuza shingo kumtafuta mama yule. Nilijiambia watoto wote huwa hivyo.

Mwezi wa sita habari zilifika kwamba kwetu kumetulia. Watu wa shirika walianza kufunga mizigo. Nilikifua kikwembe, nikakianika, nikaenda nacho.

Wote watatu walikuwa uani. Mwindaji alikitazama kikwembe kabla ya kunitazama mimi.

"Umekuja kumuaga mutoto?"

"Nimekuja kumuchukua, Papa. Tuko narudia kwetu."

Kuku alipita katikati yetu. Kisha mwindaji akasema, bila hasira, kama mtu anayesema mvua imenyesha: "Mbuzi mulikula."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa polepole. Vyote vilifika kwa mara moja: uzi, makofi, mkuki badala ya fimbo yangu, ile sauti ya katekista. Kwao, mtoto akiwekwa hivyo mbele ya watu amekuwa wa nyumba ile, na mbuzi akiliwa neno limefungwa.

Nilijaribu kueleza. Niliwaambia juu ya mlima wetu, kibanda, vibuyu vya maziwa, jinsi mtoto wa Noeli anavyobaki wa mama yake na wanaotoa ndio wanaofungwa. Walinisikiliza mpaka mwisho. Walikuwa watu wa adabu, na hilo lilinivunja nguvu kuliko kama wangenifukuza.

"Kwenu njo kwenu," alisema mama mkwe. "Lakini uliulizwa mbele ya batu bote. Ulijibu nini?"

"Nilisema namuweka."

"Eh."

"Nitaleta mbuzi ingine. Nitaleta mbili."

Mwindaji alitikisa kichwa. "Hatukumununua. Mutoto hanunuliwe. Tulikushukuru."

Mama yule alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto yuko kwenye titi. Sasa alimtoa, akafunga nguo, akaninyooshea.

"Chukua kama unaweza," alisema.

Nikamchukua. Mtoto alilia, akajipinda mgongo, akapanua mikono kuelekea alikotoka. Uzi ulikuwa bado mkononi mwake, umebadilishwa kwa sababu mkono umenenepa. Nilisimama naye. Mbele yangu kulikuwa na siku tatu za njia, mtoto wa miezi minane asiyejua chakula kingine isipokuwa mama huyu, na kwetu ambako sikujua kama kumebaki hata ng'ombe mmoja. Nilikumbuka uji wa muhogo. Nilikumbuka ile sauti ya mlango. Hakuna aliyenizuia. Lango la ua lilikuwa wazi.

Nikamweka tena mapajani mwake. Ilikuwa mara ya pili, na mara hii nilijua ninachofanya.

Katekista alinisindikiza hadi mwisho wa kijiji. "Miye nilizani unajua," alisema.

"Na miye nilizani unajua, Papa."

Alitaka tusali. Nilimwambia watu wanatungoja.

Dada yangu hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu, tulipoanza kuiona milima yetu, alikuja kutembea sambamba nami.

"Yaya, ile mbuzi. Kama ungejua, ungekula?"

Nilitaka kusema hapana. Nilimwona mdogo wetu na mfupa wake, nikasikia tena harufu ya nyama katika lile darasa. Nikamwambia aangalie njia, mawe yanateleza.

Ng'ombe walikuwa wamefika kabla yetu. Jirani alikuwa amerudi mwezi mmoja mapema, amepoteza wachache tu. Asubuhi ya kwanza alibisha mlangoni akiwa na kikombe, kama zamani, kimejaa mpaka ukingoni. Alipoona mgongo wangu mtupu hakuuliza. Alinipa tu. Sikujua niyafanye nini yale maziwa, nikayanywa mwenyewe, nikiwa nimesimama, nyuma ya mlango palipokuwa na fimbo ya kwanza.

Nilirudi kule mara moja. Miaka sita ilikuwa imepita, njia zilikuwa zimefunguka kidogo, na nilichagua wiki ya Noeli. Nilibeba jibini ya kwetu na maziwa katika kidumu kidogo. Njiani yaliganda, lakini yaliyoganda sisi ndiyo tunayapenda zaidi. Mama mkwe alikuwa amekufa. Mwindaji alikuwa msituni. Mama yule alinitambua tangu mbali, akaleta kigoda, akakaa nami.

Msichana alitoka nyuma ya nyumba na watoto wengine. Paji la uso lilikuwa la mama yetu, sikuhitaji kuambiwa. Alinyoosha mikono yote miwili kama watoto wanavyomfanyia kila mgeni siku za sikukuu.

"Noeli njema, Papa."

Nilimmiminia maziwa katika kikombe. Aliyanusa, akaonja, akayatema chini, akafuta ulimi kwa kiganja. Wenzake wakacheka.

"Imeoza," alisema.

"Haiozake. Njo hivi iko."

Alimgeukia mama yake. "Mama, huyu Papa ni nani?"

Mama yule alinitazama. Hakunikataza. Aliniachia, kama alivyoniachia siku ile, na nilijua kwamba nikisema atakubali. Msichana alisimama kati yetu, mguu mmoja juu ya mwingine, ameshika kikombe asichokitaka. Alikuwa na afya. Alikuwa na mama. Nilitafuta neno moja la kweli ambalo halingemwondolea kitu.

"Miye njo ule alikulaka mbuzi yenu," nilisema. "Zamani. Siku ya Noeli."

Macho yake yakapanuka. "Yote?"

"Yote."

"Peke yako?"

"Tulikuwa bengi."

Alicheka, akaweka kikombe chini karibu na mguu wangu kwa uangalifu ili kisimwagike, akarudi kucheza.